Mistari Yote Ipo

Jumatatu, 8 Machi 2004
Nimeprinti ukurasa mmoja wa majaribio. Mistari yote ipo.

Jumanne, 9 Machi
Nimeprinti ukurasa mmoja. Mistari yote ipo.

Jumatano, 10 Machi
Ukurasa mmoja. Yote ipo.

Alhamisi, 11 Machi
Ukurasa mmoja, mistari yote ipo, na mimi nimeshachoka, na hii ni siku ya nne tu.

Basi acha niandike na mengine. Kaunta buku hili kanunua Mjomba Optatus kabla hajapanda lori kwenda Dar es Salaam kununua wino. "Fortunata," akaniambia, "kila siku utaprinti karatasi moja, na kila siku utaandika humu kama mistari yote imetoka. Nikirudi nitapitia." Mjomba namjua. Kupitia kwake ni mistari miwili. Siku hizi hata barua za Mama ananipa mimi nimsomee, eti miwani kaisahau nyumbani, na nyumbani ndipo hapa hapa. Kwa hiyo kuanzia mstari wa tatu kwenda chini humu ni kwangu.

Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya soko la Lindi, dirisha moja lenye nondo, na nyuma yake kijichumba ninacholala. Mashine ni printa ya picha, ya rangi sita. Ina kichwa kinachokwenda na kurudi juu ya karatasi, na chini ya hicho kichwa kuna matundu madogo hata jicho haliyaoni. Wino ukikauka ndani ya matundu, picha inatoka na michirizi, uso wa mteja kama umechanwa kwa kitana. Ndiyo maana ya karatasi ya kila siku: wino upite, usilale, na kila rangi ichore mistari yake kama vidato vya ngazi.

Na mimi silali nje ya hapa. Nimepata nafasi chuo cha uuguzi, njia ya Masasi, kuripoti tarehe 10 Mei. Fomu inataka sahihi ya mlezi. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na kwetu Wamakonde, baba awepo asiwepo, mtoto ni wa mjomba. Nilimpa Mjomba fomu. Akaikunja mara nne, akanirudishia.

"Nikirudi nikaikuta mashine hai, nitasaini. Nikiikuta imekufa, uuguzi utausikia redioni."

Wiki mbili tu, kasema.

Jumapili, 14 Machi
Ukurasa mmoja. Mistari yote ipo.
Masika yameanza. Nimetoka misa mbio, sketi imelowa hadi kiunoni, nimefika nakaanga mchele.

Mtu akisoma hapo atasema huyu ana wazimu, kwa hiyo nieleze. Mjomba ni mpiga picha wa miaka mingi, na mpiga picha wa pwani adui yake ni unyevu. Kamera ukiiacha hivi hivi masika, lenzi inaota ukungu. Dawa yake ni mchele: unaukaanga mkavu hadi unalia kwenye kikaango, unaufunga kwenye vifuko vya kitambaa, unauweka kwenye sanduku na kamera, mchele unanywa maji yote ya hewani. Na printa nayo kaiwekea amri hiyo hiyo. Kila jioni naizima ukutani ("swichi ya ukutani, umeme wa hapa si wa kuamini"), naiingiza kwenye mfuko mkubwa wa nailoni pamoja na vifuko vitatu vya mchele, nafunga mdomo kwa kamba. Asubuhi naifungua.

Mchele wenyewe ni ule mzuri. Mimi nakula ugali.

15, 16, 17, 18 Machi
Ipo. Ipo. Ipo. Ipo.

Ijumaa, 19 Machi
Mistari yote ipo. Mvua kutwa.
Da Mwahija, fundi cherehani wa baraza letu, kanikuta naifunga mashine kwenye mfuko. Kacheka hadi kashika mbavu.

"We Fotu, unamlea mwali?"

"Ndiyo, naye hatoki nje hadi Mjomba arudi."

"Mashine inatoka kila asubuhi, nakuona ukiifungua. Nani mwali hapo?"

Nimecheka, halafu baadaye haikunichekesha.

Jumamosi, 27 Machi
Yote ipo.
Mjomba kapiga kwenye simu ya Da Mwahija. Alitakiwa awe amerudi wiki hii. Barabara ya Nyamwage na Somanga imekuwa tope tupu, malori yamezama hadi milangoni, watu wanalala porini siku nne, tano. Hatoki Dar hadi kukauke.

"Mashine?"

"Hai, Mjomba."

"Mchele unakaanga?"

"Nakaanga, Mjomba."

"Usitoke hapo." Simu ikakatika. Shikamoo yangu hakuiitikia, na hali yangu hakuiuliza.

Jumamosi, 3 Aprili
Ipo yote.
Leo kaingia Mzee Severini kujikinga mvua. Huyu ndiye mwenye studio ya zamani kule karibu na bandari, picha za nyeusi na nyeupe, zile za kusafisha gizani kwa maji ya dawa. Mjomba alijifunzia kwake. Tangu Mjomba alete rangi, wateja wa mzee wamehamia kwetu, na hao wawili ni mwaka wa pili hawasalimiani. Nimemwamkia, kaitikia vizuri tu. Halafu kaenda moja kwa moja kwenye mashine, kaigusa, kakibonyeza kifuko cha mchele, kakinusa.

"Bado anakaanga mchele, huyu," kasema, kacheka peke yake, mvua ikapungua akaenda zake.

Sikukipenda kicheko kile hata kidogo.

Jumapili, 4 Aprili
Ipo. Jumapili ya Matawi.
Mama kanitumia nazi sita na ujumbe kwa kondakta wa Mchinga: niende Pasaka, kanifugia jogoo. Mchinga si mbali. Kukiwa kukavu unakwenda asubuhi unarudi jioni. Masika haya ukienda hujui utarudi lini, na siku moja isipoandikwa humu Mjomba ataiona. Naweza kudanganya, nikaandika "ipo" na mimi niko Mchinga nakula paja la jogoo. Lakini mashine haijui kudanganya. Ikikauka imekauka.

Jumatatu, 5 Aprili
Asubuhi mistari yote ipo.
Saa tisa nilikuwa naprinti picha ya arusi, bibi arusi ametoka hadi kidevuni, umeme ukakatika. Kichwa kikasimama katikati ya njia. Nimesubiri hadi jua linazama, umeme wapi! Nikafuata amri. Nimekaanga mchele mpya, vifuko vitatu vya moto moto, nikaifunga mashine na bibi arusi wake nusu humo humo.

Jumanne, 6 Aprili
Hakuna umeme. Siwezi kuprinti. Nimebadilisha mchele mara mbili kwa kuwa mvua imezidi na ukuta unatoka jasho.

Jumatano, 7 Aprili
Umeme umerudi saa nne. Njano haipo.

Narudia kuandika ili nijue kweli nimeandika: njano haipo kabisa. Waridi imetoka nusu, imekatika katikati kama ngazi iliyovunjika vidato. Bluu na nyeusi zipo. Nimebonyeza kitufe cha kusafisha, mashine imenguruma, nimeprinti, njano hakuna. Nimesafisha tena. Hakuna. Tena. Waridi nayo ikazidi kupotea. Hadi adhuhuri nimesafisha mara saba, na kila kusafisha mashine inamwaga wino, unausikia ukinywewa.

Sijala. Mungu wangu, mwezi mmoja umebaki.

Alhamisi, 8 Aprili
Nimesafisha mara nne nyingine. Wino wa njano umebaki kidogo chini, na hakuna chupa nyingine Lindi nzima, na barabara imefungwa. Wino wa mwezi nimeumwaga siku mbili. Nisiposafisha haifunguki, nikisafisha wino unakwisha. Nimekaa sakafuni nimeegemea ukuta, nimelia kama mtoto. Nasikia mvua juu ya bati na cherehani ya Da Mwahija, basi, mambo mengine yote yako nje na mimi niko ndani.

Da Mwahija kaingia na chai ya tangawizi. Nimemwonyesha karatasi. Kaitazama, halafu kasema kwa sauti ya chini, "Si juzi tu yule mzee aliingia akaishika?"

Sikuwa nimewaza hilo. Sasa siwazi jingine.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili
Sijaprinti. Kanisani Mzee Severini kakaa kiti cha mbele yangu. Nimeitazama shingo yake misa yote. Nimesali, lakini sala zangu hazikuwa nzuri.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka
Sikwenda Mchinga. Njano hakuna.

Nimeitoa fomu, nimeikunjua, nimeitazama. Miaka mitatu nimekatia watu picha za pasipoti: wa jeshi, wa ualimu, wa kwenda Oman. Wote wanaketi kwenye stuli hiyo hiyo mbele ya pazia la bluu, nawaambia inua kidevu, wanaondoka. Mimi ndiye ninayebaki na pazia.

Mjomba kwangu leo ni mtu mbaya. Naandika hivyo hivyo, siku ya Pasaka. Kanifunga kwenye chumba na mashine inayokula wino, na funguo kazitia mfukoni kaenda nazo Dar.

Jumanne, 13 Aprili
Hapa nina mengi. Nimewasha taa mchana kwa kuwa wingu limefunga.

Asubuhi niliamka na hasira, si na huzuni tena. Nikajitupia kanga, nikaenda bandarini kwa Mzee Severini na mvua yake. Nilikusudia kumuuliza uso kwa uso. Nimemkuta kibarazani anafuta trei zake za kusafishia picha, ambazo ukizitazama tu unajua hazijatumika siku nyingi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, binti. Mbona umelowa hivyo?"

"Babu, siku ile uliifanyia nini mashine yetu?"

Kaacha kufuta. Nilidhani atafoka. Kaniangalia tu, kisha kauliza, "Imeziba?"

"Wewe umejuaje?"

"Kaa chini."

Nikakaa. Kanipa taulo.

"Nani alimfundisha Optatus mchele?" kaniuliza.

"Sijui."

"Mimi hapa. Mwaka sabini na moja, kwenye baraza hili hili. Nikamwambia, mwanangu, kamera ni jicho, usiliache lilie. Mchele unalifuta machozi. Ni kweli, na hadi leo ni kweli. Kwa kamera." Kaingia ndani, karudi na kalamu ya wino, ile ya zamani ya kujaza, ya makarani. "Nilikuwa karani wa katani kabla ya picha. Hii ukiiacha wazi juani usiku na mchana, kesho inaandika?"

"Haiandiki."

"Hata ukiitikisa? Hata ukiipiga?"

"Inachafua tu."

"Mashine ya mjomba wako si jicho. Ni kalamu. Siku ile nilicheka kwa sababu niliona mtu anaikausha kalamu kwa bidii, kwa mchele mzuri wa kula. Ningesema, lakini ningesema kwa nani? Hatusemeshani."

Nilijisikia mdogo, mdogo sana. Mtu nimemchukia siku tano, na kanisani! Nikamwambia ukweli kwamba nilidhani ameiroga. Kacheka safari hii hadi akakohoa. "Ningejua kuroga mashine ningeanza na za Dar."

Halafu kaniuliza maswali kama daktari. Umeme ukikatika kichwa kinasimama wapi? Nikamwambia, katikati. Nikizima, nazima wapi? Ukutani. Kichwa kikienda kulala chenyewe kinalala wapi? Pembeni kulia, kwenye kijisponji chenye mpira. Kafikiri, kasema, "Hicho ndicho kifuniko cha kalamu. Ukizima ukutani, kalamu umeilaza bila kifuniko. Kisha ukaizungushia mchele wa moto." Kumbe mashine hii hajawahi kuimiliki, kaielewa kwa dakika kumi.

Kanipa kazi. Maji, lakini si ya bomba, ya bomba yana chumvi, yakikauka yanaacha mawe. Maji ya mvua, yanayotoka juu moja kwa moja, si ya kupitia bati. Kitambaa kisichotoa nyuzi. Na la tatu ndilo gumu: kusubiri. "Ukiloweka, acha. Usiisafishe safishe. Dawa ya kilichokauka ni maji na muda, si nguvu."

Wakati natoka kanipa kipande cha nailoni ya bluu, ngumu, ya taa zake za zamani. "Njano kwenye karatasi nyeupe haionekani vizuri hata kwa macho mazuri. Itazame kupitia hii, itakuwa nyeusi."

Jumatano, 14 Aprili
Sufuria nimeiweka katikati ya uwanja, mvua imeijaza nusu kabla sijamaliza kufagia. Mvua hii hii niliyoilaani mwezi mzima. Nimeyachuja, nimeyachemsha, yamepoa yakabaki vuguvugu. Da Mwahija kanikatia kipande cha bafta, kapindua kingo zake zisitoe nyuzi. Nimemwambia kwamba mzee hana kosa, kashika mdomo. "Basi tumwombe radhi kwa vitumbua," kasema.

Nimelowesha bafta, nimeikamua kidogo, nimeitandika kwenye njia ya kichwa, nimekisukuma taratibu kwa kidole hadi kikakaa juu yake. Kijisponji cha kulalia nimekidondoshea matone matatu. Sikubonyeza kitufe. Mchele wote niliutoa nje ya mfuko.

Nimekaa nimeitazama. Mikono nimeikalia.

Alhamisi, 15 Aprili
Asubuhi bafta ina madoa: waridi, bluu, na doa dogo la njano, kubwa kama punje ya mtama. Nimepiga yowe! Da Mwahija alidhani nyoka. Nimeprinti ukurasa mmoja. Waridi imejaa. Njano vidato vitatu kati ya vyote, kwa nailoni ya bluu nimeviona. Nimesafisha mara moja, moja tu, nimeloweka upya, nimeacha.

Ijumaa, 16 Aprili
Njano nusu. Nimeloweka. Nimesubiri. Kusubiri ni kazi kuliko kupalilia.

Jumamosi, 17 Aprili
Nimeprinti ukurasa mmoja. Mistari yote ipo.

Mistari yote ipo! Nimembusu Da Mwahija, nimeibusu na mashine, ina harufu mbaya. Kesho ni komunyo ya kwanza parokiani, watoto watataka picha, na wino wa njano unatosha kama Mungu akipenda.

Jumatatu, 19 Aprili
Ipo yote. Picha za komunyo zimetoka zote, hakuna mtoto mwenye michirizi. Sasa nazima kwa kitufe cha mashine, nasubiri kichwa kiende kulala, ndipo naenda ukutani. Umeme ukikatika njiani, nakisukuma mwenyewe hadi pembeni. Naifunika kanga basi, kwa vumbi. Mchele nimeuficha kabatini. Nimempelekea mzee vitumbua.

20 hadi 28 Aprili
Ipo, siku zote tisa. Mvua inapungua. Nimepiga picha yangu ya pasipoti mwenyewe, kwa kujiwekea saa, mara tano hadi nikapata kidevu. Nimeibandika kwenye fomu.

Alhamisi, 29 Aprili
Mistari yote ipo.
Mjomba kaja! Kashuka kwenye lori la saruji, tope hadi masikioni, amevaa miwani myeusi. Nilifurahi, siwezi kukataa, nilimpokea mizigo nikiwa nakimbia. Kaketi, kanywa maji, kasema, "Lete karatasi ya leo."

Nilikuwa na haraka, nimeitoa mezani nikampa. Kaenda nayo dirishani kwenye nondo, kaivuta karibu na pua, kaigeuza kwenye mwanga, katikisa kichwa.

"Safi. Mistari yote ipo."

Alikuwa ameshika upande wa nyuma. Karatasi tupu.

Nimekwenda uani nikajifanya naosha kikombe.

Ijumaa, 30 Aprili
Ipo.
Nimemuuliza leo, kwa adabu, kuhusu ile karatasi. Kavua miwani. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Dar hakwenda kwa wino tu. Kapasuliwa la kulia, bado jekundu, kaambiwa asubiri lipone, la kushoto mwakani. Miaka miwili kaficha. Kumbe barua za Mama, kumbe miwani ya kusahau nyumbani. Mpiga picha asiyeona, nani atamwendea?

Nimemhurumia.

Jumatatu, 3 Mei
Ipo.
Nimempelekea fomu. Nimemweleza yote: njano, mvua, Mzee Severini, kwamba mashine ilikufa nikaifufua. Nilidhani atajivunia mimi. Kasikiliza hadi mwisho.

"Basi ndiyo hivyo," kasema. "Hapa hakuna anayeijua hii mashine ila wewe. Ukienda, nani atailea?"

"Mjomba, ulisema ukiikuta hai..."

"Nilisema. Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kwamba haiwezi kuishi bila wewe. Ngoja mwakani, jicho la pili litakuwa tayari."

Nafasi ya chuo haingoji mwakani. Nimemwambia. Kavaa miwani yake myeusi. Kumbe ningeiacha ikafa ningebaki, na nimeifufua nimebaki. Nina hasira hata maneno yamekwisha.

4, 5, 6 Mei
Ipo. Ipo. Ipo. Hatuzungumzi.

Jumamosi, 8 Mei
Nimeprinti ukurasa mmoja. Mistari yote ipo. Nimeuweka mezani, upande wa mbele juu.

Mjomba, ukiamka sitakuwepo. Basi la Masasi linaondoka saa kumi na mbili. Nina barua ya chuo, fomu sina, kwa kuwa fomu bila sahihi yako haina kazi. Iko humu, kati ya kurasa hizi. Nitaripoti mikono mitupu, wakinirudisha watanirudisha. Nikirudishwa nitapitia kwanza kwa Mama.

Mambo ya mashine yote yako humu ndani, kuanzia tarehe 13 Aprili. Nimebandika nailoni ya bluu nyuma ya jalada. Ya njano itazame kupitia hiyo. Maji ya mvua yako kwenye chupa yenye kizibo chekundu. Da Mwahija nimemwonyesha kila kitu, mwite.

Nakuogopa, na bado naondoka. Yapo humu maneno mabaya juu yako. Nilidhani husomi. Sikuyafuta.

Jumapili, 9 Mei
Mimi Optatus. Fortunata ameondoka bila ruhusa yangu.
Sijaprinti.

Jumatatu, 10 Mei
Nimeprinti ukurasa. Sioni kitu. Mwahija asema njano imekatika kidogo. Nimezima ukutani, kwa mazoea.

Jumanne, 11 Mei
Nasoma daftari hili tangu juzi kwa kioo cha kukuzia, jicho la kulia, mistari michache kisha napumzika. Nimefika Pasaka. Imeandikwa mimi ni mtu mbaya. Nimefunga daftari. Nimefungua tena.

Jioni nimekwenda bandarini. Severini alikuwa kibarazani. Nilimwamkia mimi kwanza. Tumekaa hadi isha.

Jumatano, 12 Mei
Usiku nilitandika bafta kama ilivyoelezwa. Asubuhi hii nimeprinti ukurasa mmoja na kuuwekea nailoni ya bluu. Mistari ya njano niliihesabu mwenyewe. Yote ipo. Ni miaka miwili sijaiona.

Mchele nimewapa kuku wa Mwahija.

Fortunata kapiga simu kwa Mwahija. Hawajamrudisha, wamempa hadi Ijumaa alete fomu. Nimesaini. Sahihi imepinda nje ya mstari lakini ni yangu. Posta haitafika kwa wakati na kondakta simwamini. Nakwenda nayo mwenyewe.

Alhamisi, 13 Mei
Mimi Mwahija Abdurahmani, fundi cherehani. Mzee Optatus kapanda basi la Masasi alfajiri, fomu kaitia kifuani ndani ya shati. Kaniambia nisiiache mashine. Nikamwambia mzee nenda, mashine si mwali.
Nimeprinti ukurasa mmoja. Mistari yote ipo.